Karatasi ya Nje

Jumatatu asubuhi Njiti alipoingia karakanani na bahasha ya kaki kifuani, Gundi alidhani ameletewa tasnifu nyingine ya kujalidi. Akamwonyesha kiti, akaendelea kupaka gundi mgongo wa kitabu. Njiti hakukaa. Alifungua bahasha kwa ncha za vidole, akatoa kitabu cha katuni chenye jalada jekundu lililopauka, akakilaza mezani. Gundi alikitupia jicho mara moja tu, brashi ikamponyoka.

"Unakikumbuka?" Njiti aliuliza.

Angekisahau vipi? Ilikuwa Tanuri na Miungu ya Mlimani, toleo la ishirini na nne, la mwisho. Mara ya mwisho kukiona alikuwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo kila jina la Tanuri lilipotajwa mbele yake alitafuta namna ya kubadilisha mazungumzo.

"Umekitoa wapi?"

"Pale palipokuwa na duka la vitabu. Tumekwenda kupima kiwanja, nikaingia stoo kutafuta mpaka wa nyuma, nimepiga chafya mpaka basi. Kwenye boksi la chini kabisa, hiki hapa. Kizima, hata hakijasomwa." Njiti alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba na mwepesi wa kuwaka, na jina lake la utani la utotoni halikuwa limepata sababu ya kumwacha. "Redio nimeshamwambia. Jumamosi mchana tunakutana kinyozini kwake, tunasoma kama zamani. Sasa wewe fundi, toa hizi pini zenye kutu, safisha, utuletee karatasi nne. Usizibane. Kila mtu atashika yake."

"Na ya Nahodha?"

"Ya Nahodha nitaisoma mimi. Ni kaka yangu."

Akaondoka, maana alikuwa na kiwanja kingine cha kupima. Gundi alibaki ameshika kitambaa, anafuta gundi iliyomwagika, anafuta mpaka pale ambapo haikumwagika.

Zamani, mtaani kwao, walikuwa watoto wanne. Nahodha ndiye mkubwa, miaka kumi na mitatu, mwenye sauti ya kuamrisha. Njiti, mdogo wake. Redio, ambaye alikuwa hajui kufunga mdomo na baadaye akawa kinyozi, kazi inayomruhusu kuzungumza na mtu asiyeweza kukimbia. Na Gundi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alimganda Nahodha kutoka asubuhi hadi anaitwa kwenda kuoga. Kila mwezi walipata nakala moja ya Tanuri, moja kwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na subira ya kungoja zamu. Kwa hiyo Nahodha alikuwa anang'oa pini kwa meno, anatoa karatasi nne zilizokunjwa moja ndani ya nyingine, anagawa.

Sasa, anayeyajua mambo ya vitabu anajua walichokuwa wanakifanya. Karatasi iliyokunjwa ina kurasa nne: mbili za mwanzo mwanzo na mbili za mwisho mwisho. Ukienda na yako nyumbani unamkuta Tanuri amefungwa minyororo ukurasa huu, na ukurasa unaofuata yuko harusini anacheza. Unakaa na mchanganyiko wako mchana kutwa, kichwa kinakuuma, hujui alifunguliwa na nani. Jioni mnakaa duara kwenye ngazi za kwa kina Nahodha, na ukurasa wako ukifika unausoma kwa sauti. Ilikuwa mwiko kumwambia mwenzako kurasa zako kabla ya duara. Njiti alishika karatasi ya katikati. Gundi alishika ya nje, ile inayofungua hadithi na kuifunga, na Nahodha alikuwa amemwambia sababu: "Wewe ndiye unayejua kunyamaza."

Tanuri alikuwa mfua vyuma aliyetumbukia kwenye tanuri lake mwenyewe akatoka mzima, ngozi imegeuka chuma. Kila toleo alipambana na mungu mmoja wa hadithi za kale. Mungu wa Radi alikuwa na ndevu kama nyaya zilizoungua. Mungu wa Mawimbi alikuwa na sauti ya mtu anayesukutua. Mungu wa Usingizi alishindwa, tena kwa aibu, na mtoto mchanga aliyelia usiku kucha. Na nyuma ya wote, toleo baada ya toleo, alikuwa akitajwa mmoja tu kwa kunong'ona: Mfalme wa Chini, mwenye kuwapokea wafu. Toleo la ishirini na nne lilikuwa lake.

Lilipotoka, Nahodha alikuwa wodini. Figo zilikuwa zimemkataa. Alituma neno kupitia kwa mdogo wake kwamba wagawane, na Jumapili waje wote, duara litakuwa kitandani kwake. Gundi akaichukua karatasi ya nje, akajificha nayo nyuma ya nyumba, akaifungua ukurasa wa kumi na sita. Tanuri alikuwa amelala chali kwenye majivu, macho yamefumba, na Mfalme wa Chini amemkanyaga kifuani. Hapakuwa na maneno. Siku mbili kabla, Gundi alikuwa amemsikia baba yake sebuleni akisema yule kijana hatanyanyuka tena. Alilia mpaka akapata kwikwi. Kisha akaichana karatasi vipande vipande, akaitumbukiza kwenye mfereji wa maji machafu.

Jumapili Njiti alimpitia, amevaa viatu vya kutokea. Gundi alisimama mlangoni, akasema kwa macho makavu: "Mama amenikataza. Amesema ugonjwa wenu utaniambukiza."

Mama yake hakuwa amesema hivyo. Mama yake alikuwa jikoni, hajui hata kama mtoto wa jirani yuko mlangoni. Ila Njiti aliyabeba yale maneno mpaka kwa mama yake bila kudondosha hata moja, na mama yake wakati huo alikuwa anafua mashuka ya Nahodha.

Nahodha alifariki wiki tatu baadaye. Wale mama wawili walikuwa wanatumia kamba moja ya kuanikia nguo, walikuwa na kilango kidogo kwenye ua ili wasizunguke barabarani. Kilango kikapigiliwa misumari. Siku ya msiba mama yake Gundi alikwenda mapema kusaidia, akaambiwa kazi zimekwisha, akakaa nyuma kabisa kama mpita njia. Alisalimia mgongo wa shoga yake miaka arobaini na moja. Mwaka jana shoga akafa bila kugeuka. Na mwana aliyeyafanya yote hayo alikuwa anakula kwa mama yake kila jioni, anamtilia dawa za macho, na hajawahi kufungua kinywa.

Kinachochefua zaidi ni kwamba yeye alisamehewa. Njiti, siku alipomzika mama yake, alimwambia, mkono begani: "Wewe ulikuwa mtoto, ulikatazwa." Mama yake Gundi, sasa bibi wa miaka themanini na mbili, ndiye ambaye Njiti aliendelea kumkwepa kwa kuvuka barabara.

Basi Jumatatu hiyo hiyo mchana Gundi alifunga mlango wa karakana, akang'oa pini mbili kwa koleo dogo, kutu ikamwagika mezani. Akazitenganisha karatasi. Alifuta vumbi kwa brashi laini, akaanza na zisizomhusu, akazipanga, akazipangua. Mwisho hakubakiwa na kazi nyingine. Akaifungua ya nje, ukurasa wa kumi na sita, baada ya miaka arobaini na miwili.

Picha ilikuwa ile ile. Alichokuwa hajakiona, kwa kuwa machozi yalimzidi, au kwa kuwa kidole gumba chake kilikuwa hapo hapo, ni mshale mdogo mwekundu pembeni chini, na maneno madogo madogo: "Msomaji, hadithi haikuishia hapa. Rudi katikati."

Gundi alikaa. Kisha akaivuta karatasi ya katikati, karatasi ya Njiti, akaikunjua. Kurasa za nane na tisa zilikuwa picha moja kubwa isiyo na neno. Akaitazama kwa muda mrefu. Simu ikalia, hakuipokea.

Wiki hiyo hakutulia hata dakika tano mahali pamoja. Alijalidi tasnifu ya mwanachuo juu chini, akaifumua, akaijalidi tena juu chini. Alikwenda kwa mama yake jioni, akanyanyuka kabla ya chai, akarudi kuulizia kama amefunga bomba. "Una nini wewe?" mama yake alimuuliza. "Unazunguka kama umekalia siafu." Akasema ni kazi nyingi. Alipiga hesabu zake zote. Angeweza kusema karatasi ya nje imeoza, imebaki unga. Angeweza kuugua. Jumatano alimpigia simu Njiti kumwambia anasafiri, ila Njiti alipopokea, Gundi akaishia kumuuliza kama kinyozini kwa Redio kuna viti vya kutosha.

Ijumaa aliamua. Akazitia karatasi tatu kwenye bahasha, ya nne akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, kifuani. Atasema ilimeng'enyuka alipoifungua. Uongo wa pili ungeuziba wa kwanza, na bibi angekwenda zake kaburini hajui, na wote wangekuwa salama. Alijiambia hivyo akiwa anatembea, anasimama, anatembea.

Jumamosi mchana akafika. Kinyozini kwa Redio palikuwa na vioo viwili, viti viwili vya kuzunguka, na harufu ya spiriti. Redio alikuwa amegeuza kibao cha mlangoni kionyeshe pamefungwa, ila mteja mmoja alikuwa bado kitini, nusu kichwa kimenyolewa.

"Huyu nimemwambia akae, asikilize, nitamalizia baadaye," Redio alisema. "Hana pa kwenda na kichwa hicho."

"Mimi sina neno," mteja alisema.

Njiti alikuwa amevaa viatu vizuri. Gundi aliona hivyo akaangalia pembeni. Wakavuta viti wakakaa duara, na kiti kimoja, cha Nahodha, wakakiacha wazi bila kuambizana. Gundi akagawa. Redio akaibusu karatasi yake, akaanza kusimulia alivyokuwa akiificha chini ya godoro mpaka Njiti akamkata kauli.

"Haya, Gundi. Fungua."

Hapo ndipo alipozinduka. Wiki nzima alikuwa amepanga namna ya kuuficha mwisho, na fundi mzima wa vitabu, mtu aliyekunja karatasi maisha yake yote, hakukumbuka kwamba karatasi ya nje ndiyo yenye mwanzo. Bila yeye hapakuwa na hadithi ya kusoma. Walimtazama, hata yule mteja alimtazama kupitia kioo. Gundi akaingiza mkono kwenye koti, akaitoa.

"Ulikuwa unaitunza moyoni kabisa," Redio alisema, akacheka peke yake.

Gundi akasoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Tanuri alishuka ngazi elfu za mlima uliopinduka, peke yake, akawakataza watu wote aliowahi kuwaokoa wasimfuate. Redio akapokea, akasoma kwa sauti tatu tofauti, na Mfalme wa Chini akampa sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi, mpaka mteja akacheka nywele zikamdondokea shingoni. Njiti akasoma kurasa za Nahodha taratibu, kila neno. Gundi alikuwa amekalia ukingo wa kiti, karatasi juu ya magoti, anatikisa mguu. Wakafika katikati.

"Hapa pana picha tu," Njiti alisema, akaionyesha haraka haraka. "Nilikuwa naikumbuka. Nilibandika ukutani. Sikuwahi kujua inahusu nini. Nilidhani ni watu wamekwenda matembezini, mmoja amelala."

"Imeingiaje hapo?" Redio aliuliza. "Ukurasa wa saba yuko vitani, wa kumi yuko vitani. Wamechapa vibaya hawa."

"Endeleeni," Gundi alisema.

Wakaendelea. Chuma cha Tanuri kilikuwa kinapasuka vipande. Ukurasa wa kumi na nne ukaisha. Gundi akapokea wa kumi na tano, akausoma, akafungua wa kumi na sita akaugeuza ili wauone. Redio aliisogelea picha, akarudi nyuma.

"Ndiyo basi? Miaka yote hii, ndiyo basi?"

"Kuna mshale," Gundi alisema, akawasomea.

Njiti akaikunjua tena karatasi yake, safari hii akailaza kwenye kiti cha Nahodha, wakainama wote. Tanuri alikuwa amelala pale pale kwenye majivu, macho yamefumba, amekwisha. Ila Mfalme wa Chini alikuwa amesogezwa pembeni kabisa mwa picha, mdogo, amekosa nafasi. Katikati walijaa watu. Muuza mkaa wa toleo la tatu alikuwa amekiweka kichwa cha Tanuri mapajani. Kipofu wa toleo la tisa alikuwa amemshika mguu. Yule mama wa mtoto mchanga alikuwa amekuja na mtoto, amechuchumaa. Walikuwa wengi, walikatazwa na wakaja, na hawakuwa wanapigana na mtu. Walikuwa wamekaa naye.

"Kumbe mwisho nilikuwa nao mimi," Njiti alisema. Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Siku zile kila ukifika muda wa kuona wagonjwa Nahodha alikuwa ananiuliza, Gundi yuko nje? Mwambie aingie, siwezi kusikia kitu bila mwanzo. Namwambia kesho. Laiti mama yako angekuachia siku moja tu."

Gundi alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Mama hakunikataza."

"Nini?"

"Mama hakunikataza. Hakusema chochote, alikuwa hajui kama umekuja. Nilibuni mimi, pale pale mlangoni. Nilikuwa nimeiona hii picha, nikaogopa kumwona Nahodha. Karatasi niliichana."

Mteja alishusha macho akawa anatazama nywele zake sakafuni.

"Ile habari ya kuambukiza," Njiti alisema polepole.

"Mimi."

"Na kilango."

"Mimi."

Gundi alitarajia Njiti awake. Alikuwa anamjua, zamani angemrushia kiti. Njiti alizikusanya karatasi nne, akaziingiza moja ndani ya nyingine, akazikosea, akazipanga upya.

"Mama yangu alikuwa anamwota," alisema. "Alikuwa anaamka asubuhi ananiambia, nimemwota jirani, tunaanika nguo. Halafu anakasirika siku nzima kwa sababu amemwota." Akachukua mkoba. "Mama yako yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Anajua?"

"Hajui."

"Twende."

Ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na Njiti alitangulia kwa hatua za mtu aliyezoea kupima ardhi kwa miguu. Gundi alimfuata nyuma, koti mkononi, anatafuta maneno ya kuanzia na kila alilolipata lilikuwa linamtetea yeye. Hakulitumia hata moja. Walipofika Njiti alisita kwenye kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu avae sare za shule ya msingi. Kisha akaingia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, anakunja nguo zilizokauka.

"Shikamoo, mama."

Mikono ya bibi ikasimama. Macho yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo aliinamisha kichwa kusikiliza vizuri.

"Marahaba," alisema. "Hiyo sauti ni ya mama yako kabisa." Akanyoosha mkono hewani, Njiti akainama akaupokea, na bibi hakuuachia. "Umefanya vizuri kuja. Usinione mkorofi, mwanangu, nitakuuliza kabla hata hujakaa, maana ukiondoka sijui kama utarudi. Mama yako nilimkosea nini? Nimetafuta, nimetafuta. Sijaona."

Njiti alimgeukia Gundi, aliyekuwa bado mlangoni.

"Hukumkosea kitu, mama," Gundi alisema. "Nilikusingizia mimi. Nahodha alipolazwa, Njiti alikuja kunichukua twende tukamwone, nikamwambia wewe umenikataza, eti ugonjwa wao unaambukiza. Ndicho alichokisikia mama yake. Sikutaka kwenda, niliogopa. Nilikuwa mtoto, mama."

Bibi alikuwa ameuelekeza uso kule sauti ya mwanawe ilikotoka, na mkono wa Njiti bado ulikuwa ndani ya wake.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na leo una mingapi?"

Mama yake alimngoja kidogo, kisha akazisukuma nguo kando, akasogea kwenye mkeka, akampisha Njiti nafasi ya kukaa.